Uzamivu wa fedha kwa mtu wa Saza: ada, miaka na njia zilizopo

Saza, katika wilaya ya Songwe, ni mahali pa kusoma fedha hata kabla hujafungua kitabu. Wakati wa ukoloni mgodi wake ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Lupa Goldfield. Leo wachimbaji wadogo wanashuka maduarani, yaani kwenye mashimo ya kuchimbia, na katika wilaya hiyohiyo ya Songwe mgodi wa New Luika umekuwa ukitoa dhahabu tangu 2012. Yupo sponsa anayelisha vijana miezi kadhaa akingoja mwamba utoe, yupo mwenye karasha la kusaga mwamba, yupo mnunuzi mwenye mzani wake. Mikopo, hisa, bima na hasara vyote viko pale, na sehemu kubwa yake haijawahi kupita benki. Ukienda Tunduma unakuta somo jingine: shilingi na kwacha zinabadilishwa barabarani, malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, na faida ya mfanyabiashara inategemea bei ya fedha ya asubuhi ile.

Ndiyo maana walimu, wahasibu wa halmashauri na maofisa mikopo wa mkoa huu wa Songwe wanauliza swali ambalo zamani lilionekana la watu wa Dar es Salaam: nikitaka Shahada ya Uzamivu katika fedha, niende wapi, na itanigharimu kiasi gani?

Wengi huanza kwa kulinganisha ada ya mwaka, wakamaliza hapohapo. Mimi nasema mapema kwamba ada ni sehemu ndogo ya bei. Bei kubwa ni miaka: mshahara utakaouacha, na hasa miaka ya ziada utakayokaa chuoni baada ya muda uliopangwa kwisha. Njia nafuu ni ile utakayoimaliza. Nitalinganisha njia zilizopo kwa kipimo hicho.

Kwanza ujue unanunua nini

Uzamivu ni ngazi ya 10, ya juu kabisa, katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Uzamili ni ngazi ya 9. Tofauti yao si wingi wa masomo. Kwenye uzamili unaonyesha kwamba umeyaelewa yanayojulikana; kwenye uzamivu unatakiwa ulete jambo ambalo halikuwa linajulikana, ulitetee mbele ya watahini, na lisimame.

Mlango ambao shahada hii inaufungua moja kwa moja ni wa kufundisha na kutafiti chuo kikuu. Mwenye uzamili huanza kama mhadhiri msaidizi. Ili awe mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, kisha profesa, anahitaji uzamivu. Lakini hapa pana kizingiti ambacho watu hukigundua wakiwa wameshalipa. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma kwa kawaida hudai GPA ya angalau 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Kama shahada yako ya kwanza ilikuwa na 3.1, uzamivu hautaifuta. Chukua vyeti vyako uvitazame leo, kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kama uko benki, au kwenye idara ya fedha ya halmashauri, au unasimamia SACCOS, jiulize kwa ukweli kama kinachokuzuia kupanda ni ukosefu wa uzamivu. Katika utumishi wa umma mshahara hufuata muundo wa utumishi wa kada yako. Shahada ya juu haikupandishi yenyewe. Kwa mhasibu, CPA(T) ya bodi ya wahasibu, NBAA, ndiyo inayoulizwa. Kwa mtu wa benki ipo CPB ya Taasisi ya Mabenki Tanzania. Kwa anayetaka kuchambua hisa na hatifungani ipo CFA, yenye mitihani mitatu ambayo kila mmoja unagharimu karibu dola 1,000 au zaidi. Hizo zote unazisoma ukiwa kazini, na hata ile ya dola ni nafuu ukilinganisha na miaka minne ya kuacha mshahara. Asiyetaka kufundisha wala kutafiti anunue hizo, fedha inayobaki aiweke kwenye hatifungani.

Njia ya kwanza: kusoma ukiwa nyumbani

Kwa mtu wa Saza, mji wa vyuo ulio karibu ni Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya Makongolosi na Chunya. Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho makao yake ni Morogoro, kina kampasi Mbeya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kina vituo mikoani, Mbeya ikiwamo, na kiliundwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuacha kazi.

Faida ya njia hii iko wazi. Mshahara unaendelea, familia iko pamoja, na uwanja wa utafiti uko mlangoni. Ada inalipwa kwa shilingi, kwa kontroo namba, kwa awamu. Uzamivu wa namna hii mara nyingi ni wa tasnifu pekee: unaandika pendekezo la utafiti, unapewa msimamizi, unakusanya data, unaandika, unatetea.

Ugumu wake ni upweke. Hakuna darasa la kukusukuma wala mwenzako wa kumwuliza jioni kwa nini modeli imekataa. Fedha ni taaluma ya hesabu na takwimu nzito, na asiyekuwa na msingi wa ekonometriki atajifunza peke yake usiku, baada ya kazi, kwa bando lake. Wanaoacha njiani kwenye njia hii huwa hawatangazi. Wanaacha kulipa tu, na jina linabaki kwenye orodha.

Jambo la kuulizia kabla ya yote ni mahali alipo msimamizi. Kusajiliwa karibu na nyumbani hakuna maana kubwa kama anayekusoma yuko Morogoro au Dar es Salaam na hapokei simu. Msimamizi wa mbali anayerudisha sura yako ndani ya wiki tatu ni bora kuliko wa jirani anayekaa nayo muhula mzima.

Njia ya pili: kuhamia Dar es Salaam au Dodoma

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Biashara, UDBS, na uzamivu wake hupatikana kwa tasnifu pekee au kwa kozi na tasnifu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, nacho kina uzamivu wa biashara. Kwa mtu ambaye uzamili wake ulikuwa wa usimamizi zaidi kuliko hesabu, ningemshauri achague mpango wenye kozi. Mwaka mmoja wa darasani unaweza kukuokolea miwili ya kuhangaika na data usiyojua kuichambua.

Hapa ipo nafasi moja ambayo watu wa fedha huipita bila kuiona. African Economic Research Consortium, AERC, yenye makao Nairobi na iliyoanzishwa 1988, inaendesha mpango wa pamoja wa uzamivu wa uchumi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa washiriki wake. Shahada inasomeka uchumi, lakini ndani yake unaweza kujikita kwenye uchumi wa fedha, na baadhi ya masomo ya kuchagua husomwa Nairobi pamoja na wenzako wa nchi nyingine. Mpango huu umekuwa na ufadhili kwa wanaofaulu kuingia. Kama hesabu zako ni nzuri, uombe kabla ya kufikiria kujilipia.

Kasoro ya njia ya pili ni gharama ya kuishi mjini na kuacha kazi. Kama mwajiri wako ni serikali, kila kitu kinategemea barua ya ruhusa ya masomo, na kama ruhusa hiyo ina mshahara au haina. Nitaonyesha hapo chini barua hiyo ina thamani gani.

Njia ya tatu: majirani

Mtu wa Tunduma ana jambo la pekee: Lusaka na Dar es Salaam zote ziko umbali wa takriban kilomita 1,000. Watu wa Songwe hutazama mashariki kwa mazoea tu. Chuo Kikuu cha Zambia kiko Lusaka, na Copperbelt University iko Kitwe.

Kuna mkataba ambao kila mwombaji wa mkoa huu anapaswa kuujua. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC ya 1997 inazitaka nchi wanachama ziwatoze wanafunzi wa nchi nyingine za SADC ada sawa na ya wenyeji. Tanzania, Zambia na Afrika Kusini zote ni wanachama. Utekelezaji hutofautiana chuo kwa chuo, na vyuo vingi vya Afrika Kusini huongeza tozo ya wanafunzi wa kimataifa, lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeuliza "ada ya mwanafunzi wa SADC ni kiasi gani?" na mtu aliyesoma safu ya wageni kwenye jedwali akakata tamaa. Afrika Kusini ina Cape Town, Stellenbosch, Pretoria na Witwatersrand, na ina UNISA kwa anayesoma kwa masafa. Uzamivu wao kwa kawaida ni wa tasnifu. Ongeza kwenye hesabu bima ya afya, kwa kuwa viza ya masomo huidai.

Upande wa kaskazini, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza 2017 kwamba eneo lote ni eneo moja la elimu ya juu. Ukiomba Nairobi au Makerere, ulizia ada ya raia wa Jumuiya. Jibu litatofautiana, na lipate kwa maandishi.

Njia ya nne: ughaibuni kwa ufadhili

Nasema kwa ufadhili kwa sababu uzamivu wa fedha wa kujilipia Ulaya au Marekani haufai kwa mtu wa mshahara wa Tanzania. Ada ya Uingereza kwa mwanafunzi wa nje inaweza kuvuka pauni 20,000 kwa mwaka, kabla hujala wala kulala.

Lakini huku ndiko kuna jambo la kushangaza kwa wengi wetu: katika nchi kadhaa mwanafunzi wa uzamivu halipi, analipwa. Marekani, mpango wa fedha huchukua takriban miaka mitano. Miwili ya kwanza ni kozi nzito za hesabu, uchumi na takwimu, kisha mtihani wa kufuzu, kisha utafiti. Chuo husamehe ada na kutoa posho, na vyuo vikubwa hulipa zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka. Lakini huchukua wanafunzi wachache sana wa fedha kila mwaka, mara nyingi chini ya 10, na wanatoka dunia nzima. Sweden na Norway humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kwa mshahara. Ujerumani vyuo vya umma kwa kawaida havitozi ada ya uzamivu, na DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, hutoa posho, pamoja na mpango wake wa kuwafadhili Waafrika wasome ndani ya Afrika. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola ambao Watanzania wanaruhusiwa kuuomba. Serikali ya China hutoa ada, bweni na posho ya yuani 3,500 kwa mwezi kwa wanafunzi wa uzamivu.

Gharama ya njia hii inalipwa kabla ya kusafiri, na inalipwa hata ukikosa. Chukua mtu anayeomba Marekani: mtihani wa GRE ni dola 220, mtihani wa Kiingereza tuseme 230, na ada za maombi kwa vyuo vinane, dola 100 kila kimoja, ni 800. Jumla ni dola 1,250. Dola moja ikiwa shilingi 2,600, hiyo ni karibu milioni 3.3. Ongeza nauli na siku za kulala Dar es Salaam. Vyuo vingi vina msamaha wa ada ya maombi kwa mwenye kipato kidogo, na unapatikana kwa kuomba kwa barua pepe fupi yenye adabu. Omba.

Gharama ya pili ni familia. Miaka mitano mbali na watoto haina safu kwenye jedwali la hesabu, na mtu na mwenzi wake wanapaswa kuizungumza kabla ya fomu ya kwanza, si baada ya viza.

Njia ya kuepuka

Kuna vyuo vya mtandaoni vinavyotoa uzamivu ndani ya miezi 12, bila tasnifu ya maana, kwa malipo ya mara moja. Usivitazame kwa bei. Mwenye tuzo ya nje anayetaka kazi rasmi nchini hupeleka tuzo hiyo TCU itambuliwe. Isipotambuliwa, umenunua karatasi. Tumeshaona mkono wa uhakiki unavyofika mbali: Aprili 2017 ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini. Ukiwa na shaka juu ya chuo chochote cha nje, andikia TCU kabla ya kulipa.

Vilevile mkwepe anayejitolea kukuandikia tasnifu. Siku ya kuitetea utakuwa peke yako mbele ya watu walioisoma, na shahada iliyopatikana kwa udanganyifu chuo kinaweza kuifuta hata baada ya kuvaa joho.

Hesabu kwa mfano

Anayetaka kuwa daktari wa fedha na aipige hesabu kama mtu wa fedha. Tuchukue mtumishi anayepokea milioni 1 mkononi kwa mwezi, na ada ya milioni 4 kwa mwaka. Ni namba za mfano. Weka zako, hesabu itabaki ileile.

*Akisoma nyumbani, akiwa kazini, miaka mitano:*
- Ada: milioni 20
- Nauli, bando, ukusanyaji data: milioni 2 kwa mwaka, jumla milioni 10
- Mshahara uliopotea: hakuna
- Jumla: milioni 30

*Akihamia Dar es Salaam, ruhusa bila mshahara, miaka minne:*
- Ada: milioni 16
- Nyongeza ya gharama za kuishi, laki 4 kwa mwezi: milioni 19.2
- Ukusanyaji data na safari: milioni 6
- Mshahara uliopotea: milioni 48
- Jumla: milioni 89.2

*Akihamia Dar es Salaam, ruhusa yenye mshahara:*
- Jumla: milioni 41.2

Tazama kwamba kwenye maisha ya mjini nimehesabu nyongeza tu. Chakula ungekula hata ukibaki Saza. Ukikihesabu chote tena juu ya mshahara uliopotea, umekihesabu mara mbili. Tazama pia kwamba tofauti kati ya mstari wa pili na wa tatu ni milioni 48, nayo yote iko ndani ya barua moja ya mwajiri. Miezi sita ya kuifuatilia barua hiyo ina thamani kubwa kuliko punguzo lolote la ada.

Sasa ucheleweshe. Yule wa nyumbani aliyepanga miaka mitano amalize kwa minane. Miaka mitatu ya ziada, kwa milioni 6 kila mmoja, ni milioni 18. Na kama uhadhiri ungemwongezea laki 8 kwa mwezi, ameukosa kwa miezi 36, yaani milioni 28.8. Kuchelewa peke yake kumemgharimu milioni 46.8, zaidi ya masomo yote kama angemaliza kwa wakati. Hakuna punguzo la ada la chuo chochote nchini linaloweza kufidia tofauti hiyo.

Kuna thamani ya muda pia. Milioni 10 zilizowekwa mahali panapolipa asilimia 12 kwa mwaka, riba ikiachwa izae, huwa milioni 17.6 baada ya miaka mitano. Fedha ya ada inatakiwa ishinde hiyo. Na ukikopa benki ili ulipe ada, inatakiwa ishinde riba ya benki, ambayo ni kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo sishauri mtu akope kwa ajili ya uzamivu, hasa kama bado anakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, wa shahada ya kwanza.

Gharama zisizo kwenye fomu ya kujiunga

Jedwali la ada lina mistari midogo: usajili, mitihani, bima ya afya, shilingi 20,000 za TCU kwa mwaka, malipo ya kutahini tasnifu. Hiyo inaonekana. Gharama kubwa zilizofichika ni tatu.

Ya kwanza ni vibali na uwanja. Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania hupewa barua ya utafiti na chuo chake. Aliyesajiliwa nje hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Tuseme unatafiti namna sponsa wanavyogharimia maduara ya Saza. Barua inaanza kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Vwawa, na kutoka Saza kwenda Vwawa kwa kawaida unapita Mbalizi, ndani ya mkoa wa Mbeya, ndipo uingie tena mkoani kwako. Masijala wanaipokea na kuigonga muhuri. Inarudi na barua nyingine kwenda wilayani, Mkwajuni, kisha kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwisho kwa mwenye leseni, ambaye ndiye anayeweza kukataa.

Ukifika karashani, dodoso lako la kurasa 12 linauliza mapato ya mwezi. Hakuna anayejua mapato ya mwezi. Mchimbaji anajua mifuko aliyogawiwa, gramu na pointi alizopata, na deni lake kwa sponsa. Unarudi, unaliandika dodoso upya kwa vipimo vyao, unamlipa msaidizi wako kwa siku nyingine zote. Anayefanya majaribio kwa watu wachache kabla ya kazi kamili ataokoa fedha nyingi hapa, na atakuwa amejifunza jambo ambalo kitabu cha ng'ambo hakina.

Ya pili ni data na programu. Kanzidata za kimataifa za masoko ya fedha ni ghali na huuzwa kwa vyuo, si kwa mtu mmoja. Lakini takwimu za Benki Kuu ziko wazi, taarifa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam zinapatikana, na ripoti za FinScope Tanzania, ikiwamo ya 2023, zinaeleza nani anatumia huduma gani za fedha. Stata inauzwa, R na gretl ni bure, na zinafanya kazi ileile. Chagua mada ambayo data yake unaifikia: fedha za simu, kama M-Pesa iliyoanza hapa nchini 2008, tozo ya miamala ya 2021, biashara ya kwacha Tunduma, vyama vya ushirika (AMCOS) vya kahawa Mbozi, au agizo la kuiuzia Benki Kuu asilimia 20 ya dhahabu lililoanza Oktoba 2024. Watafiti wa mbali wangelipa nauli kubwa kuja kuona yale unayoyaona ukienda sokoni.

Ya tatu ni uchapishaji. Vyuo vingi vinadai makala iliyochapishwa kabla ya kukutunuku. Anayesubiri mwaka wa mwisho hupata majarida ya kulipia yanayokubali kila kitu kwa siku tano. Chuo kinaweza kuyakataa, na fedha imekwenda. Anza mapema na majarida ya nyumbani yanayoheshimika, kama Business Management Review ya UDBS au African Journal of Finance and Management ya IFM.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa shilingi

- Msimamizi wangu ni nani kwa jina, ana wanafunzi wangapi sasa, na wangapi amewatoa miaka mitano iliyopita?
- Wanafunzi wa mpango huu humaliza kwa miaka mingapi kwa kweli, si kwenye kipeperushi?
- Nikichelewa, ada ya mwaka wa ziada ni kamili au ni nusu? Nikiahirisha, je?
- Chuo kinadai makala ngapi, na kina orodha ya majarida kinayoyakubali?
- Maktaba inaweza kunipa majarida na kanzidata nikiwa Saza, nje ya kampasi?
- Utetezi huchukua muda gani tangu kukabidhi tasnifu?

Swali la mwisho waulize wahitimu, si ofisi. Wahitimu wawili wa mpango uleule watakuambia kwa nusu saa yale ambayo tovuti ya chuo haitakuambia kamwe.

Nani achague nini

Mwenye umri mdogo, hesabu nzuri na GPA inayokubalika, asikimbilie kujilipia. Atenge mwaka mmoja na fedha za maombi, aombe AERC, DAAD, Jumuiya ya Madola na vyuo vya Marekani kwa pamoja. Akikosa vyote amepoteza milioni tatu na ushee. Akipata kimoja ameokoa makumi ya milioni na amesoma kwenye chuo chenye msingi imara.

Mtumishi mwenye familia na ajira ya kudumu, anayetaka kuhamia chuoni kufundisha, achukue njia ya nyumbani kwa masharti matatu: msimamizi amekubali kwa maandishi, ada ya miaka miwili ya kwanza iko mkononi, na mada ni ya hapahapa Songwe. Likikosekana moja, asubiri. Akipata ruhusa yenye mshahara, basi ahamie Dar es Salaam au Dodoma kwenye mpango wenye kozi, kwa sababu wakati huo ubora unazidi tofauti ya bei.

Aliye tayari kuvuka mpaka aulizie ada ya SADC Lusaka, Kitwe na Afrika Kusini kabla ya kuziacha. Mhasibu na mtu wa benki achukue CPA, CPB au CFA.

Na kwa yule atakayeanza: mkoa huu unahitaji watu wanaoweza kueleza kwa ushahidi kwa nini mchimbaji anayetoa dhahabu anabaki na deni, na kwa nini mfanyabiashara wa Tunduma anapoteza fedha kila anapobadilisha noti. Kazi hiyo ni ya mtu anayepajua hapa na aliyefundishwa vizuri. Piga hesabu yako kwa makini, chagua njia unayoweza kuimaliza, kisha uimalize.